Mimi na Hesabu, Wapi na Wapi?

Mama mwenzangu mpendwa,

Nilikuwa nimekusudia kuendelea na mazungumzo yetu ya mwezi uliopita juu ya watoto wachaguzi wa chakula, lakini imenifikia barua ambayo nimeshindwa kuiweka kando. Mwandishi wake ni mama wa watoto wanne. Ameniomba nisimtaje jina wala mji wake, nami nimemwahidi.

Anaandika hivi: "Binti yetu wa kwanza amemaliza kidato cha sita na matokeo yake si mabaya. Mimi na baba yake tulitamani asome sheria. Yeye amekazana kwamba anataka saikolojia. Baba yake amekasirika, anasema hiyo ni kazi ya kushinda na wendawazimu. Mimi sina neno sana, maana mtoto huyu tangu utotoni hana kichwa cha hesabu, na nasikia saikolojia haina hesabu, ni kuwasikiliza watu shida zao tu. Ila naogopa asije akarudi nyumbani anatusoma mawazo, au akaiacha imani tuliyomlea nayo. Nimtetee kwa baba yake au nimwache?"

Nilipofika kwenye maneno yale, "hana kichwa cha hesabu," niliikunja barua nikakaa kimya. Maneno hayo niliyasema mimi pia, kwa kinywa changu, juu ya mtoto wangu mwenyewe. Ngoja nikusimulie yalivyotugharimu, ndipo nijibu.

Neno nililolisema kwa mzaha

Binti yangu wa pili alikuwa mchangamfu tangu mdogo. Wageni wakija, yeye ndiye wa kuwapokea mizigo na kuwaongelesha. Alipofika darasa la nne akaanza kuleta alama za chini katika hisabati, nami nikawa namtetea kwa wageni, yeye akiwa amesimama pale pale: "Huyu ni mtu wa watu. Yeye na hesabu, wapi na wapi!" Tukacheka wote, na yeye akacheka. Nilidhani namsifu.

Akakua na neno lile. Sekondari alichagua masomo ya lugha na historia. Alipotaka kwenda chuo kikuu kusoma saikolojia, mimi na baba yake tulikubali bila taabu. Bodi ya Mikopo ilimpa sehemu ya ada, na sehemu iliyobaki tukaitafuta kwa mradi wangu wa kuku na kwa mpunga wa shambani. Aliondoka nyumbani akiimba.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha alirudi likizo hali amekonda. Hakuwa msemaji tena. Siku ya tatu nilimkuta amejilaza mchana, uso ameugeuzia ukutani. Nikaketi kitandani. Baada ya kitambo akasema, "Mama, nimepata sapu ya takwimu." Sapu ndiyo wanafunzi wanavyouita mtihani wa marudio. Asipofaulu mwezi wa tisa, angeweza kuondolewa chuoni. Kisha akasema neno lililonichoma: "Wewe ulikuwa unasema kweli tangu zamani. Mimi si mtu wa hesabu. Bora niache, nisiwamalizie kuku wenu bure."

Mama mwenzangu, nilitamani ardhi inimeze. Mtoto alikuwa amelibeba neno langu la mzaha miaka zaidi ya kumi, na siku ya shida akalitoa kama cheti.

Sikuwa na la kumfundisha. Takwimu za chuo kikuu mimi sizijui. Lakini usiku ule nilikumbuka sanduku ninamotunzia vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki za watoto. Asubuhi nikaitoa kadi yake, ile yenye mistari inayopanda na rangi za kijani, kijivu na nyekundu. Nikamwonyesha: "Tazama. Miezi mitano ulikuwa hapa kwenye kijani. Miezi tisa uliharisha sana, ukashuka mpaka kijivu. Muuguzi hakusema kwamba huna uzito. Alikulinganisha na watoto wa umri wako, na akakulinganisha na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita. Akaniambia nini cha kufanya, ukapanda tena."

Akaichukua kadi mkononi. Akaitazama muda mrefu, kisha akacheka, cheko la kwanza tangu arudi. "Mama, hiki ndicho walichokuwa wakitufundisha muhula mzima! Wastani, na mtu yuko mbali kiasi gani na wastani. Kumbe wewe umekuwa ukiisoma kliniki!"

Hapo nikamwambia nililopaswa kulisema zamani: "Mwanangu, nilikukosea. Sikuwa na haki ya kukuambia kwamba huna kichwa cha hesabu. Ulikuwa umeshuka kwenye kijivu, nami nikakuandikia kijivu maisha yako yote. Nisamehe."

Usidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Alimtafuta mwenzake aliyefaulu, wakawa wanakaa pamoja kila alasiri kwa wiki sita, wakirudia mazoezi tangu ya mwanzo kabisa. Mwezi wa tisa akapata C. Chuoni kwao hiyo ndiyo alama ya juu kabisa anayopewa anayerudia mtihani. Sijawahi kuona C nzuri kama ile.

Wanasoma nini hasa?

Basi neno la kwanza kwa mama aliyeniandikia ni hili: mwanao asiende kusoma saikolojia kwa kukimbia hesabu, maana atazikuta zimemtangulia mlangoni. Saikolojia ni elimu ya kupima mambo yasiyoshikika kwa mkono: kumbukumbu, hofu, umakini, upendo wa mtoto kwa mama yake. Haifundishi kubashiri wala kusoma mawazo ya mtu.

Kwa kawaida mwanzo wake huhesabiwa mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Mwenzake mmoja wa nchi hiyo, Hermann Ebbinghaus, alijifanya mwenyewe kuwa mtu wa kupimwa. Alitunga silabi nyingi zisizo na maana, akazikariri, akazipima kila baada ya muda ili kuona amesahau kiasi gani. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alionyesha kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Saa moja tu baada ya kukariri, zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake ilikuwa imepotea. Aliona pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunafaa kuliko kukariri yote kwa mkupuo mmoja. Hilo unaweza kulitumia leo jioni kwa mtoto wako wa darasa la saba: nusu saa kila siku kwa siku sita ni bora kuliko saa tatu za usiku wa kuamkia mtihani.

Jaribio jingine unaweza kulifanya mezani kwako. Chukua kalamu za rangi. Andika neno NYEKUNDU kwa kalamu ya buluu, BULUU kwa kijani, KIJANI kwa nyekundu, na kuendelea hivyo mpaka maneno yatimie ishirini. Pembeni chora miraba ishirini ya rangi hizo hizo bila maneno. Sasa mwambie mtoto anayejua kusoma ataje rangi ya wino tu, asisome neno. Tazama saa. Miraba ataimaliza upesi. Kwenye maneno atababaika, maana macho yake yamezoea kusoma hata asipotaka. Mdogo wake asiyejua kusoma maneno hayatamsumbua kitu. Jaribio hili lilitangazwa mwaka 1935 na Mmarekani aliyeitwa John Ridley Stroop, na mpaka leo wanafunzi wa saikolojia hulifanya.

Hesabu zinaingilia wapi?

Sasa fikiri. Umempima mtoto mmoja, mara moja. Je, kama alikuwa na usingizi? Kama maneno aliyafanya mwisho akiwa amechoka? Ili ujue ukweli, huna budi kuwapima wengi, wengine waanze na miraba na wengine waanze na maneno, kisha utafute wastani, na mwisho ujiulize: tofauti hii ingeweza kutokea kwa bahati tu? Swali hilo la mwisho ndilo takwimu. Halikuwekwa pale kuwatesa watoto wetu. Bila hilo, kila mtu angebaki na lake.

Binti yangu alinipa mfano ninaoupenda. Alisema, "Mama, ukipita mtaani kwetu ukahesabu, huenda ukakuta kwamba watoto wa nyumba zenye friji wanapata alama za juu kuliko wa nyumba zisizo na friji. Je, friji inafundisha hisabati?" Bila shaka hapana. Penye friji mara nyingi pana umeme wa kusomea, pana chakula, pana pesa ya vitabu. Mambo mawili kwenda pamoja hakumaanishi moja limelizaa jingine. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema, "Watoto wa mama wafanyakazi wanaharibika," namwuliza: umewahesabu? Umewalinganisha na nani? Je, hakuna friji hapo?

Katika vyuo vingi somo hili sasa limepata ndugu wawili wa karibu. Wa kwanza ni sayansi ya utambuzi, yaani elimu ya namna akili inavyopokea habari, inavyozitunza na kuamua. Humo wanasaikolojia hukaa mkeka mmoja na wataalamu wa lugha, wa ubongo, wa falsafa na wa kompyuta. Mmoja wa waliofungua njia hiyo, George Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba akili hushika kwa mara moja vitu kama saba hivi, pungufu au zaidi kidogo, na kwamba tukivifunga katika mafungu tunashika vingi zaidi. Ndiyo maana ukimtajia jirani namba ya simu unaikata vipande vipande. Unamfungia mafungu.

Ndugu wa pili ni sayansi ya data: kukusanya habari nyingi, kuzisafisha makosa, kuzipanga na kuzisoma kwa msaada wa kompyuta. Mwanafunzi wa saikolojia huanza kuionja mapema, maana madodoso aliyojaza kwa watu mia mbili hayawezi kuhesabiwa kwa vidole. Atasikia majina kama SPSS, programu ya kulipia, na R, inayopatikana bure. Ukimsikia mwanao analalamika juu ya R, ujue hajapotea njia, yuko darasani.

Akina mama wetu wamo vitabuni

Usifikiri elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi huko. Badala ya kukaa bure, alianza kuzitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na mji. Kila baada ya wiki mbili hivi alirudi, akakaa na mama saa kadhaa, akitazama jinsi mtoto anavyolia, anavyomfuata mama, anavyotambaa kwenda kuchezea kitu kisha anageuka kuhakikisha mama yupo. Aliona kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa na mama walioweza kumweleza habari nyingi ndogo ndogo za mtoto wao: anapenda nini, analia kwa nini, jana alifanya nini kipya. Mama aliyemtazama mtoto wake kwa makini, mtoto wake alikuwa na utulivu wa kwenda mbali kidogo na kurudi. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1967, na kazi aliyoifanya baadaye Marekani ilijengwa juu ya yale aliyoyaona kwanza Uganda. Leo vyuo vikuu vya dunia vinafundisha habari hizo, na mwanzo wake ni akina mama waliokuwa wakimenya matoke.

Mfano mwingine unatoka Kenya. Mtafiti Charles Super aliishi miongoni mwa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet. Vitabu vya wakati ule vilisema watoto wa Kiafrika huwahi kukua mwili, kana kwamba ni jambo la damu tu. Yeye akapima. Katika maandishi yake ya mwaka 1976 alionyesha kwamba watoto wale waliwahi kukaa na kutembea kuliko watoto wa Marekani, lakini hawakuwahi kutambaa. Kwa nini? Kwa sababu mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea kwa makusudi, na kutambaa hawakukufundisha. Kilichoitwa "damu" kilikuwa kazi ya mikono ya mama.

Ndiyo maana naamini mabinti zetu wanahitajika humo. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichunguza majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta kwamba karibu watu 96 katika kila 100 waliopimwa walitoka nchi za Magharibi, ambazo zina kama watu 12 tu katika kila 100 wa dunia nzima. Nani atawapima watoto wetu, kwa lugha yao, nyumbani kwao?

Tena kupima huku kunaponya. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliona wagonjwa ni wengi na wataalamu ni wachache. Tangu mwaka 2006 mabibi wa mitaani walifundishwa kuwasikiliza wenye huzuni nzito na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Jambo jema, lakini lingebaki hadithi nzuri tu kama wasingelipima. Zahanati 24 za Harare ziligawanywa kwa kura, nusu zikatoa huduma ya benchi na nusu zikaendelea na huduma ya kawaida. Watu 573 walifuatiliwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Sasa mataifa mengine yanajifunza kutoka kwenye benchi lile, kwa sababu kulikuwa na hesabu.

Na imani je?

Mama mwenzangu anaogopa mwanae ataiacha imani. Sitamdanganya kwamba darasani hatakutana na waandishi walioidharau dini, atakutana nao. Lakini yule Stroop wa majaribio ya rangi alikuwa Mkristo aliyefundisha Biblia kwa miaka mingi katika chuo cha Kikristo huko Nashville, Marekani, na kazi hiyo ndiyo aliyoipa moyo wake zaidi. Kupima jinsi macho yanavyobabaika hakukumzuia kusali. Mtoto aliyezoea kuuliza maswali nyumbani bila kukemewa hatayaogopa chuoni.

Na kazi?

Hapa nawaomba akina baba nao wasome. Shahada ya kwanza ya saikolojia ni msingi wa nyumba, paa bado. Haimfanyi mtu kuwa tabibu wa akili. Daktari wa magonjwa ya akili husoma kwanza udaktari, kisha hubobea. Mwanasaikolojia wa tiba, yule anayetibu kwa mazungumzo na vipimo, huendelea na shahada ya uzamili. Hapa Tanzania, Muhimbili hufundisha fani hiyo kwa ngazi hiyo. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayowataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe. Kwa hiyo akimaliza mwaka wa tatu akafungua chumba cha "kutibu mawazo," mzuieni.

Lakini msingi huo unabeba nyumba nyingi: ualimu na ushauri shuleni, ofisi za utumishi, mashirika ya afya na ya watoto, ustawi wa jamii, na kazi za utafiti, ambako mwenye kuijua takwimu vizuri huwa na mahali pa kushika hata nafasi zinapokuwa chache. Sisemi kazi zinamngoja mlangoni. Vijana wengi wa fani zote wanahangaika. Binti yangu alikaa mwaka mmoja na nusu akijaza madodoso ya watu wengine kwa malipo ya siku. Leo yuko katika shirika linalofuatilia mahudhurio ya watoto shuleni, na kazi yake kubwa, amini usiamini, ni takwimu.

Kabla hamjajaza fomu

Kaa na mwanao, na baba yake awepo, myatazame haya:

1. Programu iko katika idara gani? Vyuo havifanani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya saikolojia ya elimu ndani ya skuli yake ya elimu. Makerere ina skuli nzima ya saikolojia, yenye shahada ya saikolojia ya jamii na nyingine ya saikolojia ya viwanda na mashirika. Jina la shahada huamua mlango utakaofunguka baadaye.

2. Someni kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, muone sifa za kujiunga. Kwa Tanzania shahada ya namna hii kwa kawaida ni miaka 3, na kwa Kenya ni miaka 4. Pigeni hesabu ya ada kwa miaka yote, si kwa wa kwanza tu.

3. Ulizeni masomo ya takwimu na mbinu za utafiti ni mangapi, na yanaanza mwaka gani. Chuo kisichofundisha hayo vizuri kinamnyima mwanao chombo cha kazi.

4. Ulizeni kama kuna chumba cha kompyuta kwa wanafunzi. Si kila mzazi anaweza kununua kompyuta mwaka wa kwanza.

5. Kama hesabu zilimpa shida sekondari, atumie miezi hii ya kungoja kurudia asilimia, sehemu, wastani na kusoma grafu. Ni mambo ya mwanzo, lakini ndiyo mizizi. Mtafutieni mwalimu wa jioni kama mnaweza.

Kwa dada aliyeniandikia

Mtetee binti yako, lakini kwanza mwambie ukweli. Mwambie saikolojia ina hesabu. Akishtuka akabadili nia, basi hakuipenda saikolojia, alikuwa anatafuta mahali pa kujificha. Mrudi mezani mzungumze upya, na sheria iwepo. Akisema, "Nitajitahidi," basi amepata sababu ya kweli, nawe una neno la kumpelekea baba yake. Mwambie baba watoto kwamba mtoto hakutaka kushinda na wendawazimu. Anataka kujifunza kupima mambo ya watu kwa haki. Mwombe asikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Kisha fanya jambo moja gumu kuliko yote. Litafute lile neno la "hana kichwa cha hesabu," ulilolisema pengine mbele ya wageni, nawe ulirudishe. Mwambie ulikosea. Wengi wetu tulilelewa kwamba mzazi hamwombi radhi mtoto. Mimi niliomba, na heshima yangu haikupungua hata ratili moja.

Nami nakuomba wewe msomaji: jioni hii kabla hujalala, itoe kadi ya kliniki ya mtoto wako mmoja. Tazama pale mstari uliposhuka, na pale ulipopanda tena. Ulikuwepo siku zote mbili. Mkumbushe.

Tukutane mwezi ujao, tuwarudie wale wachaguzi wa chakula. Wasalimie wa nyumbani.

Ni mimi, mama mwenzako.